Jirani wa Kushoto katika Nchi ya Yakini

Mlinituma nikatazame, nimekwenda na nimerudi. Nimeona niandike, maana tangu nirudi kila nikianza kusimulia kwa mdomo nafika mahali sauti inakatika, nanyi mnabaki mnanitazama kama mgonjwa. Kwenye karatasi nikikwama naweka kalamu chini, nachochea moto, narudi.

Mnakumbuka tulivyokuwa. Mwaka wa pili ulikuwa unaisha tuko kwenye maturubai, mto umechukua nyumba zetu zote, kamati zinakuja kupima viwanja kwa kamba na kuondoka na kamba zao. Ndipo tukasikia kuna nchi inaitwa Yakini, mlima uliwashukia, na mwaka haujaisha nyumba mpya zimekwisha kusimama, mabati yanametameta. Mkasema aende mmoja akajifunze wenzetu wanafanyaje. Mkanichagua mimi, Mwajabu, kwa kuwa wanangu ni wakubwa na shamba langu limekuwa mto. Namna nilivyosafiri haitawafaa kitu. Nilikwenda mpaka nikafika.

Jambo la kwanza la Yakini ni salamu yao. Pale mpakani askari aliniangalia akasema, "Umeonwa?"

"Sijambo, baba," nikamjibu.

"Hali yako sijauliza, mama. Nimeuliza, umeonwa?"

"Kwani wewe hunioni?"

"Mimi nakuona kwa mbele. Kushoto kwako yuko nani?"

Nikageuka. Kushoto kwangu alikuwa amefungwa mbuzi, nikamwambia hivyo. Hakucheka. Alikwenda kumtazama yule mbuzi, akarudi akaandika, akasema, "Huyo ni mbuzi wa kituo, anatosha kwa leo. Lakini ukifika mjini tafuta mtu."

Sheria yenyewe nilielezwa baadaye, nami nawaeleza kama nilivyoielewa. Huko Yakini kitu hakihesabiwi kuwa kipo mpaka jirani wa kushoto na jirani wa kulia waseme wamekiona. Ndoa ni hivyo, ng'ombe ni hivyo, hata maumivu. Mtu akienda zahanati akasema kichwa kinamuuma, anaambiwa akae kwenye benchi mpaka waje wawili waliomwona amejishika kichwa. Wakikutana njiani mmoja anauliza, "Umeonwa?" na mwenzake anajibu, "Nimeonwa kushoto, nimeonwa kulia." Ndiyo salamu yao asubuhi, ndiyo salamu yao jioni.

Msiwacheke. Wanasema zamani walizidiwa na walaghai, watu waliodai fidia za ng'ombe ambao hawajawahi kuzaliwa, ndipo wazee wao wakaweka sheria hiyo, na nia ilikuwa njema. Tena ina uzuri wake. Sijaona mahali majirani wanajuana vile. Jirani wa Yakini anajua sufuria zako ngapi zina mifuniko na ngapi hazina.

Siku niliyofika nilipelekwa Kilimani kuonyeshwa nyumba. Aliyenipeleka ni Mzee Pandu, mtu mnene mwenye furaha, na nyumba nilizozisikia huku kwetu ni zake na za wenzake. Ni nyumba kweli, jamani. Kuta za tofali la kuchoma, madirisha ya kioo, baraza la saruji la kukalia. Nilipapasa ukuta mmoja kwa kiganja mpaka nikaona haya.

"Hii ni yangu ya tatu," akasema Mzee Pandu.

"Mlima ulikuvunjia nyumba tatu?"

"Ulinivunjia mtungi. Lakini jirani yangu wa kushoto alishuhudia kwamba nilikuwa na nyumba, wa kulia akashuhudia, nikajengewa. Kisha mimi nikawashuhudia wao, wakajengewa. Baada ya hapo tulikuwa majirani wapya kwenye nyumba mpya, tukaanza tena kushuhudiana. Sheria haikatazi."

"Na kule chini?" Nikamwonyesha. Pale tuliposimama unaona bonde lote, na nusu ya bonde ilikuwa udongo mwekundu, laini, umelala kama uji uliomwagika ukaganda. Juu ya udongo kulikuwa na turubai moja la bluu.

"Bondeni hakukuwa na nyumba," akasema Mzee Pandu, naye alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Ofisi iliuliza. Iliita mashahidi siku tatu kwa kipaza sauti, wenye nyumba Bondeni walete majirani wao. Hakuja mtu."

"Si walikuwa chini ya udongo?"

"Ndivyo tunavyodhani. Lakini aliyewaona wakifunikwa ni nani? Hata kwamba mlima ulishuka, Baraza lilijadiliana wiki mbili. Maana waliokuwa kushoto kwa mlima na kulia kwake ni hao hao wa Bondeni. Mwishoni tukakubaliana kwamba udongo upo. Udongo umethibitishwa. Nyumba bado."

Nikamwomba anipeleke kwenye lile turubai. Akatazama viatu vyake, akasema yeye huko hana jirani.

Nilishuka peke yangu. Nje ya turubai alikuwa amekaa mwanamke wa umri wangu, anachambua mchele kwenye ungo, na pembeni binti yake, mja mzito wa miezi minane na kitu, amenyoosha miguu iliyovimba. Mama ni Bi Mashavu. Binti ni Zaituni.

"Umeonwa, dada?" nikasema, nikijitahidi.

"Niliwahi kuonwa," akajibu bila kuinua kichwa. "Wewe ndiye mgeni aliyekuja kujifunza kwetu? Kwenu wajinga wamewaishia?"

"Wapo, ila hawajajenga nyumba."

Hapo akaniangalia, akasogeza ungo, nikakaa.

Haya ndiyo aliyonieleza. Bondeni palikuwa na safu moja ya nyumba kumi na moja, na ya mwisho, iliyopakana na mto, ilikuwa yake. Siku ile alikuwa amebandika maharage jikoni, Zaituni akalalamika kizunguzungu, wakataka kwenda kliniki ya Kilimani. Jirani yake wa kushoto, Chausiku, mama muuza vitumbua, akamwambia, "Nenda, maharage nitayatazama." Wakapanda. Walikuwa kwenye benchi la zahanati wakisubiri wa kumshuhudia Zaituni kizunguzungu, ndipo waliposikia mlima. Mume wa Zaituni, Mrisho, alikuwa nyumba ya tano akiziba tairi la baiskeli.

"Mpaka leo sijui," akasema Bi Mashavu. "Sijui Chausiku alikuwa kwake au kwangu. Kama maharage yalikuwa yamekaribia kuiva, alikuwa kwangu, anageuza."

Alisema hivyo akiendelea kutupa chuya. Zaituni alikuwa akichota udongo mwekundu kwa ncha ya kidole, kama wajawazito wanavyotamani, na mama yake akampiga mkono bila hata kumtazama.

"Usile huo, nimekwambia. Huo una watu."

Kilichokuwa kinawakimbiza ni mtoto. Yakini mtoto akizaliwa kwenye turubai anaandikwa kwenye daftari la maturubai, na turubai ni mali ya ghala. Likihamishwa kupelekwa kwenye maafa mengine, walioandikwa chini yake wanahama nalo. Bi Mashavu alikwisha kuwaona watoto wa namna hiyo, watu wazima sasa, wanaohamishwa toka gharika hadi moto na hawajui kwao ni wapi. Alitaka mjukuu wake azaliwe ndani ya nyumba, hapo hapo, mahali baba yake alipo. Hakutaka kingine. Siku zilizobaki zilikuwa hazifiki thelathini.

"Twende ofisini basi," nikamwambia.

"Nimekwenda mara tisa."

"Twende ya kumi. Mimi nimetumwa kujifunza."

Ofisi ya Ujirani ni meza moja chini ya mwavuli mkubwa, na mwenye meza ni Bwana Shomvi, Katibu. Nilitegemea kumchukia, nikashindwa. Ni mtu mwembamba, mpole, aliyeinuka kutupokea tulipofika na kumpa Zaituni kiti chake mwenyewe.

"Mama Mashavu, nimesoma tena faili lako," akasema. "Kulia kwako hakuna tabu. Kulia kwako ni mto, na mto ni wa serikali. Tabu ni kushoto."

"Kushoto ni Chausiku."

"Ndiyo. Na Chausiku hakuja kushuhudia."

"Amekufa, Bwana Shomvi."

"Nani anamshuhudia kwamba amekufa? Kwanza lazima athibitishwe kwamba alikuwepo. Kushoto kwake hayupo mtu. Kulia kwake uko wewe, na wewe mwenyewe hujathibitishwa."

Nikaingilia. "Wewe hukumjua huyo Chausiku?"

Bwana Shomvi akafunga faili. "Nilikuwa nakula vitumbua vyake kila asubuhi miaka minane," akasema. "Lakini mimi si jirani."

Akafungua kitabu kingine, kikubwa, akakipekua muda mrefu huku analamba kidole. Nadhani alikuwa amekwisha kukipekua kabla hatujaja. Akasoma: mtu yeyote akilala siku saba ubavuni mwa mtu, upande wa kushoto, akaazima chumvi na akairudisha, huyo ni jirani yake wa kushoto. Halafu akanitazama mimi.

"Mimi ni mgeni," nikasema. "Mlima uliposhuka sikuwepo."

"Kwetu, mama, kitu kikithibitishwa leo kilikuwa kweli tangu jana. Sheria haiulizi ulikuja lini. Inauliza tu kiwanja cha kushoto ni cha nani, na kiwanja kimoja kina mstari mmoja." Akamgeukia Bi Mashavu, akashusha sauti. "Ni jina moja tu kwenye mstari, mama. Akiandikwa huyu, yule hawezi kuandikwa. Uelewe hilo kabla hamjaanza."

Bi Mashavu alisimama akaondoka bila kuaga. Nilimkuta njiani anamngoja binti yake, maana Zaituni alikuwa anatembea hatua kumi anapumzika. Akamtazama binti yake anavyokuja, amejishika kiuno. Kisha akaniambia, "Utaweza kulala matopeni?"

"Nimelala matopeni miaka miwili, dada."

Tulipofika nikaanza kuchimba shimo la nguzo upande wa kushoto, akanisimamisha.

"Hapo ni ukumbini kwake. Sogea nyuma, ukae jikoni. Ukumbini hakupenda mtu mwenye miguu michafu."

Nikasogea. Siku saba niliishi kwenye jiko la Chausiku, juu yake hatua kadhaa, kipande cha turubai kichwani. Kila asubuhi mtu wa ofisi alikuja kuandika kwamba nipo. Siku ya nne niliazima chumvi mbele yake, siku ya tano nikairudisha, akaipima kwa jicho akasema imezidi, tukaipunguza.

Na siku hizo zote Bi Mashavu alinieleza habari za Chausiku. Alianza kwa sababu nilihitaji kujua nyumba ya kusema, lakini hakuweza tena kunyamaza. Alinieleza mlango wa bati la bluu uliokuwa unalia ukifunguliwa. Alinieleza kikaango cha mashimo saba ambacho shimo moja limetoboka likazibwa kwa kipande cha kopo, na kitumbua cha hapo kilikuwa kinaungua siku zote, Chausiku anakila mwenyewe. Walivyogombana mwaka mzima juu ya kuku. Walivyopatana kwa sababu kuku alikufa. Alinieleza kicheko chake, akajaribu kukiiga, ikashindikana.

"Alikuwa anaazima na harudishi," akasema siku moja. "Kwa sheria yao hata ujirani hakustahili."

Zaituni akacheka, akashika tumbo. Bi Mashavu naye alicheka mpaka akafuta macho, na baada ya kufuta hakuacha kufuta.

Siku ya nane tulikwenda kuapa. Mzee Pandu na watu wa Kilimani walikuja kutazama, wamevaa vizuri, maana kuapishwa kwa jirani ni sherehe kwao. Bwana Shomvi alifungua daftari kwenye ukurasa wa Bondeni. Ulikuwa mweupe, mistari kumi na moja, haina neno.

"Mama Mashavu. Nani alikaa kushoto kwako?"

Bi Mashavu alijifunga upya khanga. Watu wakaanza kukohoa.

"Bwana Shomvi," akasema mwishoni, "ulikuwa unapenda vitumbua vya iliki, au visivyo na iliki?"

"Vya iliki, mama."

"Nani alikuwa anakuwekea?"

"Mama, nauliza kushoto."

Zaituni alikuwa amesimama, hakutaka kiti. Jasho lilikuwa linamtiririka puani. Bi Mashavu alimtazama, akatazama lile daftari, akasema, "Mwajabu." Hakuniangalia.

Ikawa zamu yangu. Niliulizwa nyumba yangu ya Bondeni ilikuwaje. Nikaeleza. Nilieleza mlango wa bluu unaolia, na ukumbi ambao mtu haingii na tope, na jiko, na kikaango cha mashimo saba. Kila neno lilikuwa kweli isipokuwa neno moja, nalo ni "yangu". Nilipotaja kopo lililoziba shimo kalamu ya Bwana Shomvi ilisimama.

"Cha shimo hilo kilikuwa kinaungua," akasema polepole, kama anaongea peke yake. Kisha akaandika jina langu.

Tukiwa njiani kurudi Bi Mashavu akaniambia, "Usiniambie pole."

"Sijasema kitu."

"Ulitaka kusema."

Nyumba zilijengwa mbili, kwa siku kumi na mbili, maana tofali na mabati yalikuwepo siku zote, yamepangwa ghalani Kilimani yakisubiri kuthibitishiwa mtu. Moja yake, moja yangu. Nilisema sitaki. Nikaambiwa jirani asiye na nyumba si jirani, na nikiikataa yangu na yake inaanguka. Zaituni alijifungua siku ya tatu baada ya mlango kufungwa bawaba, mchana, chumba cha nyuma, na mtoto alikuwa wa kike, ana nywele nyingi. Kwa hiyo kile alichokuwa anakitaka Bi Mashavu alikipata. Nawaambia hivyo mapema, msije mkadhani walidhulumiwa kila kitu.

Ila Yakini mtoto wa kwanza wa kike anachukua jina la jirani wa kushoto. Walikuwa wamekwisha kukubaliana, Bi Mashavu na Chausiku, tangu mimba ilipojulikana, na Chausiku alikuwa amekwisha kununua kitambaa. Mtu wa ofisi alikuja na karatasi iliyoandikwa tayari. Mtoto anaitwa Mwajabu.

Nilimbeba. Sikuweza kumwita.

Sasa sikieni jinsi jambo jema lilivyoendelea. Ofisi iliona njia hiyo imefanikiwa, na viwanja tisa vya Bondeni vilikuwa bado vitupu kwenye daftari. Wakaalika wageni. Alikuja mtu wa kupiga picha, akaja muuza miwani, wakaja watu wawili wa kamati fulani waliokuwa wanapita tu kutazama nyumba zinavyojengwa, na wengine watano. Kila mmoja alilala siku saba kwenye udongo, akaazima chumvi, akarudisha, akaapa. Bi Mashavu alijaribu kuwaeleza kila mmoja analala kwa nani. Mpiga picha alimsikiliza, nadhani hata alilia. Aliandikwa nyumba ya tano.

Mwezi haukuisha, safu ilikuwa imekamilika. Nyumba kumi na moja, nzuri, zimenyooka kuliko zile za mwanzo. Tisa zimefungwa kwa kufuli na wenyewe wamekwenda zao. Jioni Bi Mashavu alikuwa anakaa barazani kwake anaitazama safu, na hakuna moshi unaotoka popote isipokuwa jikoni kwake na kwangu.

Ukafika mwaka tangu mlima ushuke. Baraza likakutana kwa ajili ya siku ya maombolezo, nasi tukapanda. Bi Mashavu alivaa kaniki. Bwana Shomvi akasimama kusoma taarifa, na nawaandikia kama alivyoisoma.

"Bondeni. Nyumba zilizothibitika, kumi na moja. Wenye nyumba, kumi na mmoja, wote hai. Waliofariki, hakuna. Kwa kuwa hakuna aliyefariki, Baraza linaiondoa siku ya maombolezo, na badala yake iwe siku ya kupanda maua."

Watu wa Kilimani walipiga makofi. Mzee Pandu alipiga pia, kisha akamwona Bi Mashavu amesimama na ile kaniki, akabaki ameacha viganja vyake hewani.

"Na Chausiku?" akasema Bi Mashavu.

Bwana Shomvi hakuinua macho. "Nani huyo, mama?"

"Bwana Shomvi."

"Mama, mimi nina daftari tu. Kushoto kwako yuko Mwajabu. Uliapa mwenyewe, hapa hapa, mbele ya watu wote."

Nilimtazama yule mtu. Alikuwa analia yeye kuliko sisi, na kalamu ilikuwa mkononi mwake, na hakuandika.

Niliinuka nikasema niliapa uongo, mimi si wa Bondeni. Nikaulizwa nani anashuhudia hilo. Nikasema jirani yangu wa kulia, Bi Mashavu. Wote wakamgeukia. Bwana Shomvi akamweleza, kwa ule upole wake, kwamba akinikana mimi anaikana nyumba yake, na mtoto atahamishiwa daftari la maturubai siku hiyo hiyo. Zaituni alikuwa amekaa mstari wa nyuma, ananyonyesha.

Bi Mashavu alikaa chini. Alikaa taratibu sana, akajifunika ile kaniki usoni.

Kesho yake nikafunga mzigo wangu. Nilimkuta jikoni kwake amebandika maharage, mara ya kwanza tangu nimjue. Nikamwambia nakwenda, nikamwomba nimsaidie kitu cha mwisho. Akaniambia nichukue karatasi niandike, akanitajia wote, nyumba kwa nyumba, kuanzia ya kwanza kule juu hadi ya kumi, na watoto wao, na mbuzi wao, na yupi alikuwa anakoroma. Nilijaza karatasi nne mbele na nyuma. Mkono wangu si mwepesi, akanisubiri.

Tulipomaliza nikataka kumpa ufunguo wa nyumba yangu, akakataa. Sheria inasema ufunguo ukae na mwenye nyumba. Nikasimama mlangoni. Nilitaka kumsalimu kwa salamu yao, ikanishinda.

"Nenda," akasema. "Maharage nitayatazama mwenyewe."

Ndiyo hayo. Mmeniuliza tufanye kama wao au tusifanye, na kamati yetu inakuja wiki ijayo na daftari. Mimi sijui, wenzangu. Zile nyumba hazivuji. Nimelala ndani ya moja mvua ikinyesha, na nikasikia raha, na nikajichukia kwa ile raha. Huku nimerudi kwenye turubai, na ufunguo wa nyumba ya tofali nimeufunga kwenye ncha ya khanga. Anayetaka kuuona aje auone.

Ila zile karatasi nne nitazisoma mbele ya kamati kabla hawajafungua kitabu chao, na baada yake nitasoma za kwetu, wote waliokwenda na mto. Nani alikaa na nani. Atakayenikatisha anikatishe. Naanza na huyu, kwa kuwa kule nimemfuta kwa mkono huu huu.

Bondeni, nchi ya Yakini, nyumba ya kumi, ya pili kutoka mtoni: Chausiku, mama wa vitumbua, mlango wa bluu. Sikumwona kwa macho. Lakini nimelala juu yake siku saba, na chumvi niliyorudisha nilirudisha kwa niaba yake. Alikuwepo. Siku ile alikuwa anatazama maharage ya jirani yake.